Kitunga Kilichoshonwa

Mpofi, tarehe 9 mwezi wa kenda, 1954

Kwako dada yangu mukubwa Annonciata,

Nakusalimia kwa mikono miwili, wewe na watoto wote. Goti la Mama limepoa, ao bado linamusumbua akipanda mulima? Na Papa, na ngombe, na maharagi ya pale Kirolirwe? Sisi huku tuko wazima. Mutoto ananyonya vizuri, na paji lake la uso ni la Papa kabisa. Bwana yangu Floribert iko Omate kwa kazi ya madini, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mvua ya pori haituachi, nguo zinakaa kwa kamba bila kukauka.

Dada, unakumbuka kitunga ambacho Mama alinitumia mwaka jana kwa mukono wa Ndayambaje, muchuuzi wa ngombe: kile cha kifuniko kirefu chenye ncha. Ndani aliweka kikwembe kipya, nguo ya kujifunga, cha kumupa mama mukwe wangu, kisha akashona kifuniko pembeni mwote kwa uzi uleule wa kusukia, ili watu wa njiani wasichungulie. Alishona vizuri mpaka hata mimi nilitafuta mahali uzi unapoanzia, nisipaone.

Nilikitoa kwa mama mukwe, Mama Hélène, nikiwa nimepiga magoti. Sikumuambia kama kuna kitu ndani. Kwetu nani anataja kilicho ndani ya zawadi? Na nani anatoa kitunga kitupu? Alikipokea, akakizungusha mulangoni penye mwangaza, akaita majirani, wakapiga makofi. Mimi nikaenda zangu shambani na furaha.

Sikukuu ya Bikira Maria ikafika, Mama Hélène akaja misa na kikwembe chake cha zamani, chenye kiraka kiunoni. Noeli, kilekile. Pasaka, kilekile. Nilijisemea kama anadharau kitu cha sisi watu wa Masisi. Nilimuuliza? Hapana. Ndayambaje alipopita tena na ngombe zake, nilimusimulia yeye, na kwa hasira nikaongeza. Nilisema mama mukwe ameuza kikwembe cha Mama sokoni, pesa akanywea pombe ya ndizi. Dada, hakuna muntu aliyeniambia hivyo. Nilibuni mwenyewe, nimesimama njiani na jembe begani.

Unajua namna neno hilo lilimufikia Papa.

Mutoto alipozaliwa, Mama Hélène alimutuma Michel, mudogo wa Floribert, aje kuwaita kwa ubatizo. Aliwafungia asali namna wanavyofunga huku: gome la muti limeviringwa, limezibwa kwa nta pande mbili, likavikwa majani mapana na kukazwa kwa kamba ya pori, hata tone moja lisitoke. Alikaa siku nzima akichagua majani yasiyo na tundu. Michel alilibeba kichwani mpaka kwenu. Papa akamuacha amesimama mu kiwanja, hakumupa kiti wala maji, akamuambia arudishe gogo lake kwa watu wanaouza zawadi za wenzao. Michel alirudi nalo. Aliliweka chini mbele ya nyumba, majani yamekauka na kupasuka, majirani wote wakitazama, akaingia kulala bila kula.

Mama Hélène aliniita ndani. Akaniuliza: “Mwanangu, nimewakosea nini watu wako? Zawadi gani niliuza?” Akaenda chumbani, akarudi na kitunga. Alikuwa amekifunika kitambaa ili moshi usikiguse. “Hiki hapa,” akasema. “Kila mugeni namuonyesha.”

Wakati ule njo nilifahamu. Nilichukua kisu, nikaanza kukata uzi. Akalia: “Acha! Usiharibu kazi ya mama yako!” Kikwembe kikatoka, makunjo yote yameota ukungu. Alikishika mbele yake. Halafu akasema polepole: “Kumbe nilipewa nguo, mimi nikatunza kitunga. Walisikia sikivai, wakafikiri nimeuza. Papa yako ana haki. Kosa ni langu.”

Hapo njo ningesema. Hakuna muntu mwingine aliyekuwa pale, isipokuwa mutoto mugongoni. Nilisema: “Ndiyo, Mama.” Hayo tu. Nikamuacha abebe kosa langu.

Sasa sikia kwa nini naandika haraka. Yule mama aliyekupa barua hii, aliyefuatana na wanawake wanaopandisha mawese Masisi, njo yeye Mama Hélène. Hamumujui kwa sura, kwa sababu siku ya ndoa yetu alikuwa mugonjwa. Anakuja kumuomba Papa musamaha. Nilimuambia njia ni ndefu. Akajibu kama mutoto hawezi kubatizwa bila watu wa mama yake. Hajui kusoma. Anafikiri amebeba salamu.

Tafazali, usimuache apige magoti. Mupe kiti, mupe maziwa, kisha uwaite Papa na Mama, uwasomee barua hii yote mbele yake, bila kuruka mahali. Anasikia Kiswahili vizuri. Ukifika pale pa pombe ya ndizi, usishushe sauti. Ningemuambia mwenyewe hapa nyumbani. Kila jioni nilikuwa naanza, na kila jioni niliishia kumuuliza kama anataka maji ya kuoga.

Kama atasema hataki tena kunikuta mu nyumba yake, uniandikie maneno yake namna alivyoyasema. Na usiku mumupe blanketi mbili, kwenu kuna baridi na yeye ni muntu wa pori.

Nisalimie Mama, umuambie mukono wake ni muzuri sana. Papa simutumii neno. Atakuwa amesikia yote.

Mama Hélène, kama bado umekaa hapo: ni mimi nilisema. Si muntu mwingine.

Mudogo wako,
Nyiramana