Bastola na Vidole Vyetu Vifupi

Fittja, Stockholm, Jumapili

Neema wangu,

Huku Stockholm tu wazima. Mama yako amebadilishiwa zamu, sasa tunakula pamoja jioni. Babu yako bado anagombana na theluji kana kwamba imemtukana.

Umeniuliza kwa nini bastola ya klabu yenu ya shabaha huko Umeå inakuumiza kiganja. Kumbe upolisi wangu wa Kenya bado una faida!

Nilipokuwa kuruta tulipewa wote bastola za aina moja, na vidole vyangu unavijua. Kila nilipofyatua, ilinirudi kwa kishindo. Nikanyamaza, nisichekwe na wanaume. Nikauzungushia mpini plasta ili uwe laini. Lo! Ukanenepa zaidi, kidole kikawa hakifiki kwenye triga mpaka nipinde mkono, na risasi zangu zikatoboa shabaha ya jirani.

Mzee wa ghala la silaha akaniita. Nilingoja kufokewa. Akabandua plasta yote, akasema, "Lete mkono, binti." Akausugua mpini wa mbao kwa msasa, akinijaribisha, mpaka ukakaa sawasawa kiganjani na kidole kikafika chenyewe. Bastola iliendelea kurudi nyuma, ila sasa ilisukuma mkono mzima, haikuuma mahali pamoja.

Mwambie mwalimu wako akutafutie mpini mwembamba. Usione haya kama mimi.

Nimekufumia glavu. Sikuhitaji vipimo vyako. Nimezijaribu mwenyewe, zimenikaa sawasawa.

Nyanya yako akupendaye