Waliokuja Kutuuliza

Ubaruku, Mbarali,
Mbeya.
9 Juni, 2024.

Mpendwa mwanangu Marta,

Ugonile, mama. Nakusalimu kwa mikono miwili. Kifua chako kimepona? Mara ya mwisho nilikusikia unakohoa kwenye simu, ukasema ni vumbi tu. Vumbi gani hilo la wiki mbili? Chemsha tangawizi unywe, na usilale na nywele mbichi. Chakula chao cha huko Pune kikikushinda kwa pilipili, pika ugali wako, usione haya. Mimi mgongo unanisumbua kwa sababu ya kuvuna, lakini natembea. Baba yako naye anatembea.

Aliyekuletea barua hii ni Rahul, mjomba wake Nirmala, yule binti mtafiti wa chuo cha Iringa niliyekutajia. Wana duka la vitambaa Iringa mjini, naye anakuja huko India kuona ndugu zake. Mpe chai. Usimruhusu aondoke kabla hujamaliza kusoma. Nimeshamwomba, naye amekubali kukaa.

Utajiuliza mbona mama hapigi simu. Nimepiga, mwanangu. Siku ile nilipokuuliza bei ya mchele huko, nilikuwa nimepiga kwa jambo jingine. Uliposema "haloo mama" kwa ile sauti yako, mdomo ukakataa, nikauliza mchele. Na baba yako alikuwa amekaa pale pale. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na mwandiko unauona, darasa la nne langu ndilo hili.

Jambo lenyewe ni la mdogo wako Asukile. Ulipotuacha unapajua: lile shimo la dhahabu lilititia mwezi wa tatu, mvua ikiwa kali, wenzake wakatolewa, yeye hakuonekana. Baba yako akasema hakuwemo shimoni, kuna mtu alimwona Tunduma, vijana wakishika hela wanakimbia. Tangu hapo nyumba hii hatukujua kama tuna msiba au tuna mtu anayechelewa kurudi. Nikitaka kulia naambiwa namchuria mtoto. Nikicheka najisikia mchawi.

Sasa nianzie kwa wale watafiti, maana habari ya mdogo wako imepitia kwao, na hiyo sosholojia ndiyo masomo yako. Pengine utanieleza ambayo mimi sikuyaelewa.

Walikuja mwezi wa nne kuuliza habari za vijana wanaokwenda machimboni. Walianza kwa kura. Majina ya nyumba zote yalikunjwa yakatiwa kwenye ndoo pale ofisi ya kijiji. Mkubwa wao, kijana anaitwa Vitus, akasema kura haimjui mtu, haimpendelei mwenyekiti wala haimruki maskini. Hilo nililipenda. Mwanaidi jirani yetu jina lake likatoka, akapiga kelele, "Mwe! Kura ya kupewa haijawahi kunitoa, ya kuulizwa ndiyo imenitoa!"

Halafu maneno yakaenea kwamba wanaandika watu wa kupewa chakula. Mwanaidi akasukuma magunia yake chini ya kitanda akayafunika shuka. "Mama Marta, mwaka huu mimi sina hata punje, na wewe huna, umesikia?" Kesho yake akasikia kwamba wanaotafutwa ni wenye maendeleo, wapewe mkopo. Akayatoa yote akayapanga barazani. Waliofika kwake jioni wakamwandika tajiri. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini nikawaza, hawa watoto wa watu watarudi chuoni na uongo wetu wamebeba kwenye mabegi.

Na sisi kura ilitutoa. Vitus akaja mwenyewe na kile kisimu kikubwa cha kubonyeza, akamtaka mkuu wa kaya. Baba yako akakaa kwenye kiti. Mimi nilikuwa pembeni napukuchua maharage.

"Watoto wangapi, mzee?"

"Wawili."

"Wote wako hai?"

"Wazima kabisa. Wa kwanza yuko India anasoma. Wa pili yuko machimboni."

"Huyo wa machimboni anawasaidia?"

"Anatuma. Kijana mzuri sana."

Ungo ukanitoka mkononi, maharage yakatawanyika. Vitus akanitazama. "Mama, una la kuongeza?"

"Huyu?" baba yako akasema. "Huyu wa kuongeza chai tu. Mama Marta, mgeni chai."

Wakacheka, nikaenda kuleta chai. Ningefanya nini? Kumkanusha mume mbele ya mgeni ni kumvua nguo. Na nikwambie kweli, niliposikia "wazima kabisa", moyo ulipoa kidogo, kama mtu mwenye homa aliyewekewa kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

Siku nyingine nilimwomba Nirmala anionyeshe kile kisimu kinabonyezwa wapi. Pana mahali pa "yuko hai" na mahali pa "amefariki". Nikamwuliza, na sisi tusiojua tunabonyeza wapi? Akakizima, akakirudisha kwenye begi.

Baadaye walitusomea mkutanoni yale ya mwanzo waliyoyapata. Karibu nusu ya nyumba zetu zina mtoto machimboni. Hilo sikulijua, Marta. Miaka yote hiyo kila mama anabeba wake kimya, nami nilidhani niko peke yangu. Kumbe kuuliza nyumba nyingi kunakuonyesha usichokiona ukiwa jikoni kwako. Lakini waliposoma kwamba vijana wengi wanatuma pesa nyumbani, nikajua na Asukile wangu yumo humo, anatuma pesa.

Wakatukusanya tena wanawake wa kikoba chetu cha akiba kwenye banda la mashine ya kukoboa mpunga, tuzungumze kwa pamoja. Mwenyekiti Bartholomeo akaja "kusalimia tu", akakaa juu ya gunia. Basi sote tukawa na kijiji chenye amani na vijana wenye adabu. Simu yake ilipolia akatoka nje, Mwanaidi akasema, "Afadhali, maana tulikuwa tunaelekea kumpigia kura." Ndipo akaeleza kwamba Hamza wake, tangu arudi machimboni, usingizini anapiga kelele, "Udongo! Udongo!" Mwingine akasema hata wa kwangu. Mwingine akaanza kulia. Neno la mmoja lilikuwa linafungua la mwenzake, na kama wangetuuliza mmoja mmoja pengine yasingetoka kabisa. Mimi tu ndiye sikufungua mdomo. Shangazi yako alikuwa amekaa nyuma yangu, na ningesema lolote, lingetangulia kufika kwa baba yako kabla yangu.

Wenzake wakaondoka, Nirmala akabaki. Alisema kazi yake ni kuishi na sisi, afanye tunayofanya, aone. Hali nyama, nikawa nampikia maharage na majani ya maboga. Mwanzoni watu walijitengeneza kwa ajili yake. Wanaume walichota maji, mwanangu! Mwanaidi akamwambia, "Binti usiondoke, tangu uje nimepata mume." Lakini mtu hawezi kuvaa nguo ya sikukuu kila siku. Wakamzoea, ndoo zikarudi vichwani mwetu, naye akatuona tulivyo.

Siku moja tuko shambani tunafukuza ndege kwenye mpunga, akaniambia, "Mama, nimeona kitu, nisamehe. Ukiita watu kula, kuna jina unalianza halafu unalikata."

Kumbe huwa naita "Asu", nanyamaza. Mimi mwenyewe sikuwa najua. Hakuna karatasi ya maswali ambayo ingeniuliza hilo.

Nikataka kumweleza, akanishika mkono. "Subiri, mama. Unaniambia mimi kama mwanao, au kama mtafiti?" Nikasema wote wawili. Akasema basi jina langu hatalitaja, na nitakayosema hatamwambia mtu hapa, hata baba. Ndipo nikasema. Kwamba mimi nilijua tangu ile wiki ya mvua kuwa mtoto hayupo. Kwamba Tunduma siiamini. Kwamba namwonea huruma baba yako na namkasirikia, vyote kwa pamoja. Nililia mpaka ndege wakala mpunga wetu wote wa ule upande.

Kisha Vitus akamtuma machimboni, maana walisema maneno ya kijijini lazima yawekwe karibu na maneno ya kule kwenyewe, yaangaliane. Nikamwambia Nirmala, "Ukisikia lolote la mwanangu." Akanikumbatia.

Marta, huyu binti akirudi kutoka popote huwa anasikika toka barabarani. "Hodi mama, nimerudi, chai ipo?" Anavuta kigoda chake anakaa. Siku ile hakupiga hodi kwa kelele. Alivua viatu mlangoni, khanga kaitia kichwani, akaja akaketi chini, sakafuni, karibu na miguu yangu. Hakunisalimia.

Baba yako akasema, "Ah, binti, kigoda chako hicho. Hapa si msibani."

Hakuinuka.

Baba yako akakibeba kile kigoda mwenyewe akamwekea. "Kaa juu, mama. Mgeni haketi chini." Hakuinuka. Machozi yanamshuka tu.

Nikamwuliza, "Umeongea na nani huko?"

"Mama, niliyeongea naye nimempa ahadi ile ile niliyokupa wewe."

Basi. Ahadi iliyonifungua mimi mdomo ndiyo iliyomfunga yeye. Kwa kitambo kile nilimchukia, Mungu anisamehe. Nilitaka nimshike mabega nimtikise neno limdondoke. Lakini angekuwa mtu wa kutoa ya mwenzake, na yangu angeshayatoa zamani. Nikateremka kwenye kiti nikaketi naye chini. Baba yako akabaki amesimama peke yake katikati ya nyumba.

Asubuhi baba yako alipanda basi la kwenda machimboni bila kuaga. Alirudi Jumapili watu wanatoka kanisani. Alivua kofia, akaketi, chai ikapoa mbele yake. Kisha akasema amempata kijana aliyekuwa shimoni na Asukile, akamsimulia mwenyewe kwa mdomo wake. Alimwambia, "Mimi ndiye baba," na kijana akalia kabla ya kusema neno. Walikuwa bega kwa bega. Huyu alivutwa, udongo ukamchukua yule. Waliogopa kusema kwa sababu shimo lile lilikuwa limekatazwa wasiingie. Sasa halichimbiki tena, kila wakigusa linashuka zaidi.

Mdogo wako hayupo, Marta. Amefariki. Nilitaka ulisikie kwangu, siyo kwenye hizo simu zenu za picha.

Baba yako alisema neno moja tu juu ya msiba: "Mwandikie Marta. Akishajua, ndipo utandike mkeka." Usimlaumu kwa habari ya Tunduma. Sasa naelewa kwamba alikuwa anamshikilia mtoto kwa mikono yake yote, na hakuwa na kamba nyingine.

Wewe nawe utakwenda kuuliza watu kwenye nyumba zao, ndiyo kazi uliyoichagua. Sijui nikuambie nini. Muulize baba, lakini mtazame na mama anayepukuchua maharage. Ukiahidi, tunza, hata wakikuchukia. Na ukimaliza kazi usiwaache ghafla. Nirmala aliondoka juzi kurudi chuoni, na nyumba imepoa mara mbili.

Sasa nina ombi, nalo ndilo limenifanya niandike zaidi ya vile ninavyoweza. Wazee wa ukoo wamesema kwa kuwa mwili hatuna, tutazika nguo yake nyumbani Tukuyu, kwenye migomba ya babu yako. Baba yako anataka tuzike ile jaketi ya bluu uliyomtumia mwaka juzi. Anasema ndiyo aliyoipenda, na kule chini kuna baridi. Alikataa kwenda nayo machimboni asije akaichafua, iko hapa kwenye msumari. Mimi sitaki. Sijaifua, Marta. Kwenye kola bado yupo.

Tumebishana, na hatujawahi kubishana hivi katika ndoa yetu. Mwisho tumekubaliana kwamba uliyeinunua ni wewe, basi wewe ndiye utakayesema. Ukisema ibaki, itabaki, na tutazika shati lake la shule. Ukisema izikwe, nitaikunja mimi mwenyewe, asiniguse mtu.

Mwanaidi anakusalimu, alinishikia taa wakati naandika na kalia kunizidi. Hamza anakusalimu. Shangazi yako pia. Baba yako hajasema nikusalimu, ila amepita hapa mara nyingi anaangalia karatasi imefika wapi. Msalimie Rahul, na umshukuru kwa kukaa. Ndaga fijo kwake.

Mungu wa wafiwa na wa mama zao akukumbatie mahali ambapo mkono wangu haufiki. Ule leo, hata kidogo.

Mimi mama yako, nikupendaye na kukungojea uamue,

Mama Marta