Kuni za Mama Goreti

Jumanne, kambi ya wakimbizi, njia ya Ilagala

Sikupaswa kuuliza swali lile mgambo wakiwa mlangoni. Kila asubuhi, kabla ya kazi za ofisi, nawafundisha watoto wadogo kutunza miti, na huwa nawauliza, "Nani ameona mti mbichi umekatwa?" Anayejibu hupigiwa makofi.

Leo Goreti, mwenye miaka sita, aliruka kwa furaha. "Mwalimu, mimi! Mama kakata jana. Kuni kaficha chini ya kitanda."

Watoto wakapiga makofi.

Mgambo wawili walikwenda nyumbani kwao, nami nikawafuata; walimburuta mama yake nje kwa nywele. Walimpiga kwa kuni zilezile mpaka mkono ukavunjika. Niliusikia. "Mtatumalizia pori, nyie!" Mmoja akanigeukia, anacheka. "Hongera, karani. Unafundisha vizuri." Nami, Mungu anisamehe, nikasema asante.

Mkuu wa kambi alishatangaza: anayekata mti mbichi anarudishwa ng'ambo, Burundi, kwenye vita. Mume wa huyu mama aliuawa huko kwa panga.

Mchana Goreti alikuja ofisini, damu ya mama yake kwenye gauni. Hakulia. "Mwalimu, waambie mti ulikuwa mkavu."

Sijawahi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Kwenye taarifa kwa mkuu wa kambi nimeandika: mti mkavu. Nilibadilisha karatasi mara mbili.

Kesho mkuu wa kambi anakwenda mwenyewe kukagua kisiki. Nimekipitia wakati narudi. Bado kinatoa utomvu.