Hema Lisilopitisha Upepo

Jumamosi, Kiembe Samaki, Unguja. Manyunyu tangu alfajiri, joto halipungui, na mimi nina hofu iliyonikaa kifuani tangu jana.

Trela liko uani. Kila nikipita na beseni la nguo nageuza uso. Ni dogo, la magurudumu mawili. Ukilifungua, hema linasimama juu yake. Hemedi, mume wangu, alilinunua kwa mgeni aliyekuwa akihama, akasema likizo hii tutalala ufukweni Makunduchi, mji tuuache nyuma. Nilifurahi. Mapazia nilishona mwenyewe.

Kisha akaanza matengenezo, na Hemedi akishika kazi ya mikono hajui pa kukomea. Akabadilisha sakafu kwa plaiwudi. Akatafuta godoro la sponji sokoni Darajani, akalikata likae sawasawa. Mama yake, Bi Zuwena, ambaye angekuja nasi, anaogopa mbu na upepo wa usiku, basi Hemedi akaziba matundu yote ya hewa kwa silikoni na kushonea turubai kwa ndani, hata madirisha yakapotea. Alipomaliza aliniingiza, akafunga zipu, akaniambia nisikilize. Adhana ilisikika kwa mbali sana. Yeye akacheka kwa kujisifu. Mimi nilitamani zipu ifunguliwe, nikajiambia ni ubishi wangu tu.

Jana baada ya chakula cha Ijumaa, Bi Zuwena alitaka kulijaribu. Godoro jipya lilinuka gundi, na kwetu kitanda kipya hakilaliwi bila kufukizwa. Akatia makaa kwenye chetezo, udi juu yake, akakiweka ndani ya hema. Akamchukua Nasra, binti yangu wa miaka saba, wakajipumzishe pamoja. Akafunga zipu ili moshi usipotee bure.

Makaa nilipepea mimi.

Nilipokwenda kuwaita, hakujibu mtu. Nikafungua zipu. Joto lilinipiga usoni, na harufu nzuri ya udi, ile ya harusi na sikukuu. Nasra alikuwa mdomo wazi. Nilimpiga mashavu, hakuamka. Nilimtoa mimi, Hemedi akamburuta mama yake kwa makwapa, tukawalaza uani kwenye manyunyu. Bi Zuwena alifumbua macho, akakohoa. Nasra alitapika, kisha akalia. Sijawahi kukipenda kilio kama kile.

Kwenye kituo cha afya daktari aliuliza jambo moja tu, kama ndani kulikuwa na mkaa. Akatueleza kuwa hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu, humlaza mtu asiamke tena. Bi Zuwena alimsikiliza kwa adabu. Tulipofika nyumbani akasema yake.

“Yule kijana mambo haya hayajui. Mie nnafukiza tangu nilipoolewa, moshi haujamlaza mtu. Hema lile lina mwenyewe, jini, na hakutupenda.”

Ni kweli, amefukiza maisha yake yote. Lakini ni katika nyumba zenye madirisha wazi na tundu juu ya kila mlango. Nilimwambia hivyo. Akaniangalia kama mtoto aliyemjibu mkubwa.

Dawa yake ni hii: leo baada ya Alasiri atamfukizia ubani huyo mwenyewe wa hema, zipu ikiwa imefungwa, na Nasra akae ndani pamoja na bibi yake, kwa sababu mtoto naye ameguswa. Nilimgeukia Hemedi.

“Dakika chache tu,” alisema huku akiangalia miguu yake. “Mpe mama haki yake.”

Dakika chache! Mtoto ambaye bado kichwa kinamuuma.

Asubuhi Bi Zuwena alikwenda kwa dada yake mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, kufuata ubani. Alipotoka tu nilichukua kisu cha kuparia samaki, nikaingia hemani. Nilichana ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, turubai na hema pamoja, matundu ya kupita mtoto. Nilikuwa na hasira na mume wangu kuliko nilivyopata kuwa nayo.

Hemedi alinikuta humo. Hakufoka. Alipitisha vidole kwenye mchano, kazi yake ya wiki nzima, kisha akaongea chini chini, japo tulikuwa peke yetu.

“Mama akiona hivi atasema mwenyewe kakataa. Akikataa, chombo hakifukizwi tena. Kinatolewa uani.”

Ndipo nilipojua kwamba naye amelala kwa hofu kama mimi. Anamwogopa mama yake kuliko mkaa.

Sasa nimekaa jikoni naandika haya, Nasra amelala pajani, kila mara naweka kiganja mbele ya pua yake. Nikisema ni mimi niliyechana, Hemedi ataambiwa ashone, atashona, na binti yangu ataingia. Nikinyamaza, kazi itakuwa ya jini. Nasra atasalimika, na trela litauzwa wiki hii hii.

Tangu asubuhi nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Kisha jirani wa nyuma, mwenye watoto wanne, akachungulia ukutani akamuuliza Hemedi kama hema limechanika tu au limeharibika kabisa. Alisema akiuziwa yeye anaweza kulishona, wanawe wapate pa kulala.

Mlango wa uani umelia. Bi Zuwena ananiita kwa jina, mara ya pili sasa. Niitike niseme nini?