Nilichomwambia Ndahani

Mdogo wangu Masima,

Wanaosema walikuona mara ya mwisho wanasema ulikuwa kwenye mnyororo, njia ya kwenda pwani. Nimejifunza kuandika kule misheni, maana lipo neno sikukuambia.

Unakumbuka tulivyotafuta mwalimu wa kupigana kwa fimbo? Nyapara wa reli alikuwa amekuchapa kiboko mbele ya vibarua wenzako pale Ihumwa, na kwa kiburi chako kile ukaapa kujifunza kupigana umrudishie. Mwalimu wa kwanza tulimkuta amelewa. Wa pili alitaka umlimie shamba zima kwanza. Ulinuna njia nzima, nami nikakucheka. Hatimaye, karibu na Mpwapwa, tukampata Ndahani, akiwafundisha vijana zizini ng'ombe wakishakwenda malishoni.

Kwake kijana hakupokelewa bila ndugu wa kumsemea. Baba alikuwa ameshafariki, nikakusemea mimi dada yako. Ulipokwenda kukata fimbo, Ndahani aliniita kando akaniuliza unataka kumpiga nani. Nilimwambia ukweli. Niliogopa kitanzi cha Wadachi, mabwana wa nyapara yule, kuliko kitu chochote.

"Mfundishe kukinga tu," nikamwambia. "Kupiga asijue."

Ndiyo maana msimu mzima wenzako walipiga, wewe ukakinga. Ulirudi vidole vimevimba, ukilalamika kwamba mwalimu hakupendi. Nilikukanda kwa maji ya moto, nikanyamaza. Lakini ulipendeza, mdogo wangu. Mwishowe hakuna fimbo iliyokupata.

Kisha ukarudi relini. Nyapara aliinua kiboko, ukakikinga kwa mpini wa koleo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hukumgusa. Vibarua wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomuuma. Bomani wakasema kuuzuia mkono wa nyapara ni sawa na kumpiga, wakakufunga.

Ndahani alipopata habari alikuja hadi nyumbani. Akasema, "Yule angekuwa mpigaji hodari."

Pengine ungejua kupiga wangekunyonga siku ileile. Sijui, na nimechoka kujiuliza. Ninachojua ni kwamba nilikuamulia bila kukuuliza, nawe ukaondoka ukidhani mwalimu wako alikudharau. Hakukudharau, Masima. Alinitii mimi.

Kama uko hai, rudi unigombeze. Nimekuandalia mahali pa kukaa, na safari hii sitajikinga.

Ni mimi, dada yako aliyekusemea.