Ng'ombe Wangu Walivyogeuka Gari

Kwa Tabitha fundi cherehani,
Mwisenge, Musoma.
10 Juni 2024

Mpendwa Baba mdogo Stanislausi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mpanda, wewe na Mama mdogo Matrida, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Mahindi mmeyavuna au mvua zimeyaozesha? Huku ziwa limechafuka wiki nzima na samaki wamepanda bei, lakini tunakula. Mama hajambo, isipokuwa magoti. Judith wangu yuko darasa la pili na tayari ananishinda kusoma.

Mimi niko hai. Naandika hivyo kwa makusudi. Tangu Aprili siishi tena kule Bunda, Manyamanyama, kwa Keraryo. Tabitha amenihifadhi hapa, namsaidia kushona sare za shule. Kwa miaka tisa mume wangu amenipiga kwa mkono, kwa mkanda, na mara ya mwisho kwa bapa la panga mgongoni mpaka nikakojoa damu. Nakwambia wazi kwa sababu nimechoka kusema niliteleza bafuni.

Utaratibu wetu unaujua kuliko mimi. Mwanamke akiondoka, ng'ombe wa watu warudi. Wasiporudi, anarudishwa yeye. Sikuwa na hofu, maana wale ng'ombe kumi na wawili wa mahari yangu, uliowapokea wewe mwenyewe kwa kuwa baba alishafariki, walikuwa Butiama wakisubiri mdogo wangu Silasi aoe kwa hao. Nikajisemea Silasi atasubiri kidogo, mimi nipone.

Kumbe Silasi alikuwa na mapenzi mengine. Unaikumbuka ile Subaru yake ya bluu? Ameibadilisha kwa Subaru nyingine, ya bluu vilevile, ila hii ina tabo ya kuongeza kasi, ina tundu kubwa juu ya boneti, na ekzosi yake ikinguruma kuku wanakimbilia migombani. Mama alidhani ni ile ile imeoshwa. Tofauti ya magari hayo mawili ni ng'ombe wangu. Aliwaswaga wote mnadani.

Niliposikia nikapanda gari hadi Butiama kumuuliza. Alinijibu huku anaipangusa kwa kitambaa, bila hata kugeuka: "Dada, si ulikuwaga unavumilia? Miaka tisa yote! Mi nikajua umeshazoea."

Baba mdogo, sikumbuki nilivyofika jikoni. Nakumbuka shoka. Taa ya kulia ilikuwa ya kwanza, kisha kioo cha mbele, na kila pigo lilinipa raha ambayo sijaipata tangu niolewe. Silasi akanikamata kiuno, nikamtwanga mpini wa mdomo, jino likatoka. Nilikuwa nimeshanyanyua shoka nipasue boneti, ndipo Mama akapiga kelele mlangoni: "Wankyo! Hizo ni ng'ombe zako unazichinja!"

Nikashusha shoka. Mama alisema kweli. Nikamwambia Silasi aingie, awashe, anipeleke Bunda. Nilikaa kando yake, shoka mapajani, upepo wote unatupiga usoni kwa kukosa kioo, mpaka Manyamanyama.

Pale nilimwita Mzee Felisian, aliyekuwa mshenga wetu, pamoja na majirani. Mbele yao nikampa Keraryo ufunguo. "Ng'ombe zako hizi hapa. Mi nimeenda." Akacheka, akautupa chini, akanizaba kofi lililoniangusha, kisha akanifuata hapo hapo kwa mateke ya mbavu. Silasi alikuwa hajawahi kuona kwa macho yake. Alimrukia shemeji yake akamgongesha uso kwenye boneti mara mbili, tatu, damu ikamwagika juu ya ile rangi anayoipangusa kila asubuhi. Keraryo akaokota tofali akampasua sikio. Iliwachukua wanaume watano kuwaachanisha.

Na unajua Keraryo alifanya nini alipoinuka? Aliokota ufunguo. Pua imevunjika, shati limelowa damu, akaingia, akakanyaga mafuta hadi barabara kuu, watu wanamtazama. Ameshaweka kioo na taa mpya, na mpaka leo anaringa nalo mjini.

Sasa anadai gari ni fidia ya pua yake, na kwamba ng'ombe hawajarudi, kwa hiyo mimi bado ni mke wake na nirudi na mtoto. Ametuma watu mara mbili kunichukua. Mara ya pili walivunja mlango wa Tabitha, nikamchoma mmoja mkono kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Wazee watakaa Jumamosi ya tarehe 22. Wamesema aliyepokea ng'ombe ndiye atakayesema kama wamerudi au hawajarudi. Aliyepokea ni wewe. Wanataka karatasi yenye sahihi yako, na huyu Prosper aliyekuletea barua anarudi huku na lori Jumatano ya tarehe 19.

Silasi anatembea kwa miguu, sikio limeshonwa nyuzi sita. Anasema halitaki tena hilo gari. Muongo, nimemwona anavyosimama likipita. Sijamsamehe, lakini akija ugali namwekea.

Najua gari si ng'ombe. Hata mimi sipendi ilivyokuwa. Lakini ukiona huwezi kuandika kwamba wamerudi, usimtume mtu. Njoo wewe mwenyewe unishike mkono, unifikishe mlangoni kwa Keraryo, halafu ukae hapo nje usikilize.

Nisalimie sana Mama mdogo Matrida, na Gibson na mkewe. Mama anakusalimu, Judith anakuamkia. Mungu akulinde na kifua hicho, na akupe wepesi wa kushika kalamu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bado,
Wankyo