Mstari wa Kumi na Tisa wa Wosia wa Babu

Lituhi,
Jumamosi, 15 Juni 1996.
Asubuhi: upepo wa mwera, mkali tangu alfajiri, ziwa limechafuka, mawingu mepesi bila mvua.

Mpendwa Kaka Gaudensi,

Kabla hujasoma mbele, mfikishie Baba shikamoo yangu. Je, miguu yake bado inavimba kwa baridi ya huko Namswea? Na wewe na wifi mmeshaanza kuchuma kahawa? Mimi ni mzima. Homa ya mwezi uliopita ilinishika siku tano, nimeiona kwenye daftari langu la kila siku, kisha ikaniachia. Shule tumefunga. Tumebaki walimu wanne kwa madarasa saba, na chaki tunazikata vipande vipande.

Kazi uliyonipa nimeimaliza. Wosia wa Babu Kamilius upo kweli, na unatunzwa na Shangazi Fidea, yule binti ambaye Babu alimzaa huku ziwani alipokuwa seremala wa misheni. Upo ndani ya kisanduku alichokitengeneza Babu mwenyewe bila msumari hata mmoja. Ni karatasi mbili, zimeandikwa kwa penseli yake ya useremala, na maandishi yamefifia sana. Shangazi hakukubali nizichukue niende nazo nyumbani. Kwa hiyo nimekwenda kwake asubuhi nne mfululizo, nikakaa mlangoni ambako mwanga unaingia kwa ubavu, nikanakili mstari mmoja mmoja na kuipa mistari namba. Ipo thelathini na mmoja.

Siku ya kwanza niliharibu. Shangazi hajui kusoma, lakini marehemu mama yake alikuwa akimtafutia mtu wa kumsomea wosia huo kila mwaka siku aliyofariki Babu, basi ameushika wote kichwani. Nilipomsomea nakala yangu alinikatiza.

"Mwalimu, huyo si baba yangu."

"Ni yeye, Shangazi. Nimenyoosha maneno kidogo tu."

"Nani kakutuma kumnyoosha? Unamsahihisha kama mtoto wa darasa la nne. Huyo mtu alikuwa na randa, angetaka kunyooka angejinyoosha mwenyewe."

Nilichana ukurasa, nikaanza upya. Kwa hiyo utakapoona Babu kaandika jambo moja mara mbili, au kaanza habari ya msumeno akaishia kwenye mbuzi, ujue si kosa langu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika barua yako ulisema ninakili "yanayohusu upande wetu tu", ili uyatie kwenye kitabu cha ukoo unachokiandika na uyasome kwenye sengu mwezi ujao, ukoo wote ukiwa umekusanyika kula kwa Baba. Kaka, nimenakili yote. Mstari wa kumi na tisa unasema hivi, neno kwa neno:

"Mgongo ule kutoka mtoni mpaka mawe matatu ni wa mke wangu Anjela na mtoto wake Fidea. Ulazwe majani. Asiulime mtu mpaka waje wenyewe."

Mgongo huo wa mlima unaujua. Ndipo ilipo mibuni yako.

Sisi tulikua tukiona pale majani matupu, wakati migongo yote ya jirani imechimbwa mashimo ya ngolo na kupandwa, tukadhani Baba amechoka. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia, ukaipanda pale. Baba alikukataza mara moja, nawe ukacheka ukasema wazee wanapenda majani kuliko chakula. Nilikuwepo, nami nilicheka. Nadhani Baba aliambiwa auache tu, akatii, bila kuuona wosia. Muulize wewe, mkiwa wawili, kabla ya siku ya sengu.

Nilimwambia Shangazi. Sikuweza kukaa mlangoni kwake siku nne, nakula ugali wake na dagaa wake wa usipa, halafu nifiche.

"Kahawa ya nani?" akauliza.

"Ya Kaka Gaudensi."

"Imeshazaa?"

"Mwaka huu ndiyo inaanza."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mwambie ahsante kwa kunilimia. Mimi na magoti haya, ule mlima ningeupandaje?"

Kisha akafunga kisanduku. Akasema, "Mwanangu, mambo ya shamba mtazungumza ninyi na wajukuu zangu. Mimi nataka jina la mama yangu. Babu yenu alipofiwa na mke wa kwanza alimwoa mama yangu kanisani. Lakini Babu yenu alipokufa na tukampeleka kuzikwa mlimani, mama akiwa na mimi mgongoni, ndugu zake walimkalisha mama jikoni. Walisema ni mpishi wake. Usiku ule ule tukaanza safari ya kurudi huku. Katika kitabu chenu hicho, mama yangu ataandikwa nani?"

Nilimwambia nitakuuliza wewe, kwa sababu kitabu ni chako.

Kaka, mibuni umeipanda kwa jasho lako, na sijui ukoo utaamuaje. Labda wajukuu wa Shangazi watakuachia uvune, labda mtagawana. Hilo liamuliwe mbele ya watu. Ninachokuomba mimi ni hiki: ukisoma wosia, usome mistari yote thelathini na mmoja. Ukiona huwezi kuusoma wa kumi na tisa, usisome hata mmoja, nirudishie nakala yangu. Nakala ya pili imebaki kisandukuni, Shangazi ameitia dole gumba.

Barua hii ataileta dereva wa lori la usipa anayepitia Litumbandyosi. Nisalimie wifi, mama wa watoto wako, na mama mdogo anayemtunza Baba. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Editha

Jumapili asubuhi. Naongeza haya kabla ya kufunga bahasha. Jana baada ya kutia sahihi niliandika nakala nyingine, safi kabisa, bila mstari wa kumi na tisa. Nilitaka kuona ingekuwaje. Ilisomeka vizuri, wa kumi na nane unaingia kwenye wa ishirini, hakuna mtu ambaye angejua. Niliitazama muda mrefu, nikiwafikiria wanao na ada zao za shule zinazoisubiri kahawa ile. Kisha nikaitia kwenye jiko la mkaa. Nililala saa tano na dakika ishirini.